Karanga Mfukoni mwa Shangazi

"Shangazi, mimi nitakula karanga lini?"

Nilimuuliza nikiwa na miaka tisa, midomo imevimba, jicho moja limefumba, kwa sababu nilikuwa nimelamba kijiko cha siagi ya karanga cha mwenzangu shuleni ili nionekane jasiri. Nilionekana kama puto.

Shangazi alikuwa mtunza panya kwenye maabara iliyotafuta dawa ya watu kama mimi, wenye mzio wa karanga, na dawa yenyewe ilinivunja moyo: ni karanga zilezile! Panya walisababishiwa mzio kwanza, kisha wakalishwa unga wake, chembe leo, chembe na nusu kesho, mpaka mwili uzoee. Siku ya mtihani wangepewa nyingi kwa mkupuo, wapimwe joto la mwili. Joto likishuka, mzio bado upo.

Darasani nilitangaza kwamba shangazi yangu ananitengenezea dawa. Ukweli ni kwamba alikuwa akiosha vizimba na kubadilisha maranda.

Siku ya mtihani ikafika. Panya wasiotibiwa joto lilishuka. Waliotibiwa, karibu wote, hawakutikisika. Daktari mkuu alirukaruka. Shangazi alipotusimulia jioni, mimi nilishaanza kupanga: za kukaanga kwanza, kisha za kuchemsha. Yeye hakugusa chakula.

"Una nini, dada?" baba akauliza.

"Nimeharibu kazi, kaka."

Ikatoka yote. Nyumbani karanga zilipigwa marufuku kwa ajili yangu, kwa hiyo alizila kazini kwa kujificha, akizitoa mfukoni mwa koti jeupe. Panya mmoja alikonda baada ya kuzaa. Akamwonea huruma, akawa anammegea, na watoto wakidokoa. Panya aliyezoea karanga tangu uchanga si rahisi kupata mzio. Tena, kwa kuwa hakutaka kuwatenganisha ndugu, watoto wote aliwapanga kwenye kundi la matibabu.

"Hawakupona wale," alisema. "Hawakuwahi kuugua."

"Si unyamaze tu!" nilidakia. Ndiyo, ni mimi niliyesema hivyo, na mate yalikuwa yamenijaa mdomoni.

"Watakufukuza," baba akasema.

"Wanifukuze. Kesho kutwa watampa mtoto wa mtu dawa hiyo."

Asubuhi akaenda kuungama. Hawakumfukuza. Jaribio lilianza upya na panya wengine, yeye akahamishiwa chumba cha kufulia makoti, ambako hukagua mifuko ya wenzake kama askari wa gereza. Mimi nilimnunia wiki mbili nzima. Hakuna aliyegundua.

Juzi, miaka saba baadaye, nilikuwa namsaidia kukunja makoti hayo. Nikamrudishia lile swali.

"Bado sijui, mwanangu," alisema, mkono umo ndani ya mfuko wa mtu. "Ila ningenyamaza siku ile, ungekuwa umeshazila. Sasa nani angekuwa ananisumbua hapa?"