Mkata Nyasi wa Busunzu

Mkata nyasi hakung'oa kitu. Alikuwa akipiga goti, anaugeuza unyasi juani, anautaja jina kwa Kiha kwa sauti ya chini, ndipo anakata jani moja na kumpa Dorcas, mtafiti wa vinasaba, alitie kwenye bahasha. Vidole vyake vilijaa makovu membamba ya miaka ya kukata nyasi za kuezekea. Kwa misimu miwili alimwongoza Dorcas kilima kwa kilima pale Busunzu, na kila walipofika penye misonobari ya kupandwa, alipita akiangalia chini. Hapo ndipo, kabla misonobari haijapandwa, mumewe alipochoma nyasi kavu ili zichipue upya, akashtakiwa kwamba ameteketeza msitu wa asili. Alifia gerezani.

Mwaka huu Dorcas alirudi na majibu, akiwa na hamu ya kumfurahisha. Alimweleza kwamba nyasi za kila kilima zina vinasaba vyake vya pekee, na tofauti hiyo huchukua maelfu ya miaka kujengeka.

"Hapa hapakuwa na msitu, mama. Nyasi zilitangulia watu."

Mkata nyasi aliendelea kupapasa majani.

"Nilisema hivyohivyo mahakamani," alijibu. "Wakaniuliza nimeishia darasa la ngapi."

Dorcas akamnyooshea karatasi ya majibu. Mama yule aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama kitambo, akamrudishia.

"Wapelekee wao, mwanangu. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa na shaka."