Kadi Iliyozidi Vidole Viwili

Mke wangu hakai kitako. Ukimwona ametulia kitini, ujue anachora. Jumatatu asubuhi kompyuta yake ilianza kutoa mistari ya kijani skrini nzima, na tangu hapo akawa anazunguka chumba, kutoka dirishani hadi kwenye cherehani yangu na kurudi, akigusa nyuzi zangu na kuziweka pasipo pake. Mimi mtu akinigusia nyuzi damu hunichemka. Siku hiyo nilimeza maneno, kwa sababu nilijua kinachomkosesha raha.

Kwa miaka tisa alichora nyumba za watu katika ofisi ya bosi mmoja mwenye tai fupi na maneno marefu. Tukipita barabarani hunionyesha: ile ya ghorofa ni yangu, ile yenye baraza pana ni yangu. Lakini kwenye karatasi, zote zilikuwa na jina la bosi, na mke wangu ndiye aliyeliandika. Mwezi uliopita aliacha kazi, na kamati ya wazazi wa shule ya jirani ikamwomba achore bweni la wasichana, kazi yake ya kwanza peke yake. Wangekuja nyumbani Alhamisi saa nne asubuhi kuliona bweni likizunguka kwenye skrini, chumba kwa chumba. Wasiporidhika, wangempelekea kazi bosi yuleyule.

"Kadi ya picha imekufa," alisema. Akachomoa waya wa skrini nyuma ya kadi, akauchomeka kwenye tundu la ubao mkuu wa kompyuta. Mistari ikatoweka. Bweni likaonekana, lakini kila akijaribu kulizungusha linaganda, nusu paa, nusu ukuta.

Alikuwa bado na madirisha ya kumalizia, na hayo yangeweza kuchorwa hivyo hivyo, kwa kusuasua. Kwa hiyo Jumatano asubuhi alinituma mimi dukani. Aliniandikia kiasi cha kumbukumbu ya kadi anayotaka na plagi ya umeme inayokubali, kisha akasema, "Pima na nafasi ndani ya kasha la kompyuta, mume wangu. Kadi za siku hizi ni ndefu." Nikavuta utepe wangu shingoni, nikapima kutoka ukuta wa nyuma hadi kwenye kichanja cha chuma kinachobeba diski, nikaandika: ishirini na tisa.

Muuza vipuri alinitolea kadi mbili. Moja fupi, sentimita ishirini na nne, ila kumbukumbu yake haikufika alipotaka mke wangu. Nyingine ilikuwa na kila kitu, feni mbili na umbo la kujivunia, sentimita ishirini na nane.

"Kasha lako lina nafasi gani ndani?" aliniuliza.

"Ishirini na tisa."

"Umepima mwenyewe? Maana muhuri ukishakatwa, hairudi hapa."

"Kaka, kupima ndiyo kazi yangu," nikamjibu, na nilimjibu kwa kumkata kauli, kwa sababu hakuna kinachoniudhi kama mtu kuutilia shaka utepe wangu.

Saa tisa alasiri tulilaza kasha mezani. Mke wangu aligusa chuma ili kuondoa umeme wa mwilini, akafungua skrubu, akabonyeza kibanio, kadi ya zamani ikatoka na vumbi lake. Akakata muhuri wa mpya. Akaiinamisha, akaishusha, ikagonga kichanja. Akajaribu kwa pembe nyingine, ikagonga palepale. Alichukua utepe wangu, akapima, akaniwekea kidole kwenye namba: ishirini na sita.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nikimpima mtu kiuno, mkono wangu huongeza vidole viwili bila kuniuliza, ili mwenye nguo apumue. Mkono huo umefanya hivyo miaka yote. Nilikuwa nimelipimia kasha suruali.

"Chuma hakinenepi, fundi," alisema taratibu. Akiniita fundi badala ya mume wangu, huwa najua nimeharibu.

Akaanza tena kuzunguka. Dirishani, cherehani, dirishani. Mimi nilijilaumu kimoyomoyo, nikatamani angenigombeza yaishe. Mara akasimama. "Kichanja kinatoka," alisema. "Kimeshikwa na riveti nne, si skrubu. Kaazime drili kwa mchomeleaji."

Niliikimbilia. Niliporudi alikuwa na wasiwasi wa vumbi la chuma, maana chembe moja ikiangukia kwenye ubao mkuu inaweza kuuunguza. Hilo angalau nililiweza. Nilifunika ubao kwa vipande vya kitambaa cha pamba tupu, si nailoni, maana nailoni ukiisugua inatoa cheche, nikavibana kingo zote kwa pini. Akatoboa riveti ya kwanza, ya pili. Kwa kila mlio nilifumba macho. Kichanja kilipotoka, diski ikabaki haina pa kukaa, basi nikaishonea mkanda wa lastiki na kuifunga kwenye upande wa kasha. Aliutazama mshono wangu. "Umeacha nafasi ya kupumua?" akauliza, na hapo nikajua nimeanza kusamehewa.

Tukavitoa vile vitambaa kwa uangalifu, tukavikung'uta nje. Kadi ikaingia hadi mwisho, kibanio kikalia. Akachomeka plagi ya umeme, akawasha. Feni zikazunguka na skrini ikabaki nyeusi. Akazima, akawasha tena. Nyeusi. Nilimwona akibana midomo. Kisha akainama nyuma ya kasha. Waya wa skrini ulikuwa bado umechomekwa kwenye tundu la ubao mkuu, alikouweka mwenyewe Jumatatu. Akauhamishia kwenye kadi, na bweni likazunguka, laini, paa na kuta zake zote. Hakukaa hata hapo. Alilizungusha akiwa amesimama.

Alhamisi walikuja watatu. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alinipa mkono mimi kwanza. "Haya, mchoraji, tuonyeshe."

"Mimi ni fundi wa nguo, mama," nikamwambia. "Mchoraji ni huyu."

Kwenye skrini waliingia mlangoni mwa bweni, wakapita kati ya vitanda, wakauliza kwa nini milango inafunguka kwa nje. "Moto ukizuka usiku, wasichana themanini watausukuma mlango. Hawatarudi nyuma ili kuuvuta," alisema mke wangu. Mwenyekiti alivua miwani. Akasema waliobaki wanaweza kusema lao, ila yeye amekubali, na wengine wakaafiki.

Akaomba karatasi ya kuombea kibali cha ujenzi. Mke wangu akachapa, akamkabidhi. Mwenyekiti akaitazama chini, kwenye kona. "Hapa pa jina la mchoraji mbona peupe?"

Mke wangu akachukua kalamu na kuinama mezani. Mkono ukaenda wenyewe, na herufi mbili za kwanza za jina la bosi zilikuwa zimeshakaa kwenye karatasi kabla hajashtuka. Akazitazama. Machozi yakamlenga, akayafuta kwa kiganja, akaikunja ile karatasi na kuchapa nyingine.

Safari hii alivuta kiti akakaa. Aliandika jina lake, la baba yake na la babu yake, polepole, herufi kwa herufi, na mwenyekiti akamsubiri amalize.