Insha ya Mfua Mashuka

Mwalimu wa insha alikuwa na kisasi, akakilea kama mtu anavyolea mwana. Kilizaliwa mwaka wake wa kwanza chuoni, alipoandika insha juu ya mama yake, mfuaji wa mashuka ya hospitali. Mhadhiri aliisoma mbele ya darasa huku ameziba pua, na darasa zima likavunjika mbavu. Yeye aliinama akalia kimyakimya. Mama hakuambiwa mpaka anaingia kaburini.

Siku hizi mhadhiri yule ni mkuu wa idara, naye binti wa mfuaji anafundisha kuandika mambo ya kweli. Darasa lake ni mchanganyiko: mlinzi, mkunga, wageni ambao lugha bado inawapiga chenga, vijana waliomaliza shule juzi. Karatasi hazina majina. Kila mtu husoma ya mwenzake kwa sauti, akianza haachi njiani, kisha hutaja jambo moja aliloliona kwa macho yake. Maoni hayatakiwi.

Mwosha huoshwa, na zamu ilifika siku mkuu alipokuja kukagua.

"Kwetu hakuna mtazamaji, mkuu. Na wewe utasoma," mwalimu alimwambia kwa adabu zote, akampa karatasi. Ilikuwa habari ileile ya mashuka, ila safari hii na pua iliyozibwa imo.

Mkuu alianza kwa madaha. Alipofika kwenye pua, akaishusha karatasi.

"Nadhani inatosha," alisema.

"Hapana, mzee," mlinzi akajibu. "Hapa ukianza unamaliza."

Akamaliza, jasho likimtiririka. Mwalimu aliona raha mpaka akajionea haya kidogo, kidogo tu.

"Imeandikwa vizuri," mkuu akasema.

"Hayo ni maoni, baba," mkunga akamkatiza. "Sema ulichokiona."

Mkuu aliikunja karatasi, akaikunjua.

"Nilimwona analia," akasema. "Nikaendelea kusoma."

Miaka yote mwalimu alijipoza kwa kujiambia kwamba bwana yule hakuyaona machozi yake. Asiyeona ana nusu ya udhuru. Sasa hata nusu hiyo haikubaki. Alikuwa amepanga kumshukuru tu na kumwacha aende zake na aibu yake. Badala yake akavuta kiti, akaketi mbele yake kabisa.

"Ahsante, mwalimu wangu," alisema. "Sasa soma tena. Toka mwanzo."