Wingu Nyuma ya Bega la Gasto

Gari lilipokuwa linavuka mto kwenda mji wa Champlin, Ephrasia alimgeukia mumewe akamwambia kwa mara ya nne tangu watoke nyumbani, "Baba, nakuomba. Leo usipande mlima."

"Nani kataja mlima?" Gasto akauliza, mikono yote miwili kwenye usukani, maana barabara ilikuwa na ile barafu nyembamba isiyoonekana.

"Hujataja. Lakini nimekuona ukiweka picha kwenye koti."

Picha kweli ilikuwa kwenye mfuko wa ndani, imepigwa leminesheni, na kila alipokata kona ilimchoma kifuani. Kiti cha nyuma alikaa Davis, mtoto wa kaka yake, amevaa suti inayombana kwapa, amepakata kreti ya soda na juu yake blanketi jipya la mama mkwe. Davis alikuwa na miaka ishirini na sita, na miwili kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kwa kumpenda Bonheur, binti wa mzee Murhula. Leo ndiyo siku ya posa. Baba yake yuko Marangu na hana viza, kwa hiyo msemaji wa ukoo Marekani nzima alikuwa mmoja tu, baba mdogo Gasto.

"Ba' mdogo, please," Davis akasema. "Salamu, ombi, soda. Basi."

"Kwani mnaniona mimi mtoto?"

Hakuna aliyejibu, na Gasto akalichukua hilo kama heshima.

Gasto huyu, kwa wasiomjua, alizaliwa Marangu, mlangoni kwa Kilimanjaro. Alipofika miaka kumi na sita alikuwa anabeba mabegi ya wageni kichwani, na mama yake alikuwa akisema shingo ya mwanawe inazidi kuingia ndani kila msimu. Akapanda cheo, akawa mpishi wa mlimani. Hapo ndipo alipokutana na Harrison, daktari wa meno kutoka Minnesota, ambaye alikunywa uji wa Gasto kwenye kambi ya mwisho, akalia machozi, akaapa kwamba hatapanda tena mlima wowote duniani bila uji ule. Watu huapa mengi wakikosa hewa. Huyu akatimiza. Mwaka uliofuata alimlipia Gasto nauli, vibali na viatu, wakaenda Nepali kupanda Manaslu, mlima wa nane kwa urefu duniani, mita elfu nane na ushee.

Gasto alirudi na cheti na picha. Miaka ikapita, akashinda green card ya bahati nasibu, akahamia Columbia Heights, hukohuko Minnesota, na mke wake, akapata kazi ya kukagua vifuniko vya chupa kwenye kiwanda kimoja kule Plymouth. Vifuniko elfu kumi kwa zamu, na hakuna hata kimoja kilichowahi kumpigia makofi. Ndiyo maana kila penye watu watatu na chai, Gasto alipanda Manaslu. Alipanda kwenye ubatizo, akapanda kwenye misiba, akapanda kwenye foleni ya kubadilisha tairi. Hadithi ilikuwa na kambi nne, na Ephrasia alishaizoea mpaka akawa anapikia kwayo. Akisikia sebuleni wamefika kambi ya tatu, anaepua wali.

Mzee Murhula aliwapokea mlangoni mwenyewe. Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu Bukavu, Kongo, na sasa alikuwa anaendesha basi la shule, lakini ualimu ulikuwa haujamtoka. Alikuwa mtu wa kusoma tarehe ya kuharibika kwenye pakiti ya chumvi. Mwanawe Pacifique, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa pembeni na simu yake. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya sombe, kisamvu cha Kikongo, na samaki, na mama Pascasie akachungulia, akasalimia, akatangaza sheria ya nyumba: jibu kwanza, chakula nyuma. Bonheur hakuonekana, kama desturi inavyotaka, ila mlango wa chumba kimoja ulikuwa wazi kiasi cha sikio moja.

Gasto alianza vizuri, hata Ephrasia alishangaa.

"Wazee wetu," alisema, "tumekuja na mguu mwema. Humu ndani tumeona ua, na sisi tuna kijana anayejua kumwagilia. Hanywi, anafanya kazi, anasali."

"Bon," Murhula akasema, akitikisa kichwa. "Tunawasikia. Na njia je? Mulifika muzuri? Maana baridi ya leo ni ya kweli."

Alikuwa anauliza kwa adabu tu. Lakini Ephrasia alifumba macho.

"Baridi?" Gasto akasema, akajisogeza mbele ya kochi. "Shemeji yangu, hii unaita baridi? Ngoja nikwambie baridi."

"Kambi ya chini," Ephrasia akamnong'oneza Davis. "Imeanza."

Basi Gasto akapanda. Akasimulia vazi la manyoya ya bata lililomfanya aonekane godoro lenye miguu. Akasimulia viatu vya misumari, na ngazi ya bati iliyolazwa juu ya ufa wa barafu, ufa ambao ukitupia jiwe unarudi nyumbani bila kulisikia likitua. Alivuka ngazi hiyo juu ya zulia la Murhula, hatua kwa hatua, mikono hewani, na akina Murhula wakavuta miguu yao ndani wasije wakamwangusha.

"Na choo?" mama Pascasie akauliza kutoka jikoni. "Mukitaka choo kule, munafanya je?"

"Mama, kuna chupa. Lakini chupa ya uji na chupa ile nyingine zilifanana, na hewa ilikuwa kidogo..."

"Ba' mdogo!" Davis akasema.

"Nafupisha. Kambi ya nne! Hapo unalala na barakoa ya hewa usoni kama ndovu. Saa nane za usiku tukatoka. Hatua moja, pumzi tano. Hatua moja, pumzi tano. Na asubuhi, wazee wangu, Gasto mwana wa Marangu akasimama kileleni, juu kabisa, hakuna kilichobaki isipokuwa Mungu!"

Akachomoa picha, akamkabidhi Murhula kwa mikono miwili kama mtu anayetoa mahari.

Murhula akavaa miwani. Akaitazama picha muda mrefu, muda ule ambao mwalimu hutazama jibu sahihi lililoandikwa na mtoto mvivu.

"Huyu mutu ni nani?"

"Ni mimi."

"Eko na kofia, eko na miwani, eko na kintu kwa mudomo. Inaweza kuwa hata Pascasie."

"Ni mimi, shemeji. Tazama hata mabega."

"Natazama mabega. Na hapa nyuma ya bega, hii yeupe yenye inapanda juu kukupita, ni nini?"

"Wingu," Gasto akasema.

"Wingu iko na mutu juu yake?"

Pacifique akaja akainama juu ya picha. Ephrasia, ambaye alikuwa ameifuta vumbi picha hiyo kila Jumamosi kwa miaka kadhaa, naye akainuka akatazama. Juu ya wingu, mdogo kama sisimizi mwekundu, alisimama mtu, ameinua mkono.

"Papa, ngoja," Pacifique akasema, kidole kikikimbia kwenye simu. "Hapa wameandika. Kwa huu mlima watu wengi sana walikuwa wanasimama kabla ya kufika. Wanapiga picha, wanapata cheti, wanarudi. Kilele chenyewe kiko mbele kidogo. Kuna picha ya kutoka angani, tazama. Hawa wamesimama hapa. Kilele ni hiki."

Murhula akavua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni. Davis alijua maana yake. Bonheur alishamwambia kwamba baba yake akikunja miwani, darasa limekwisha.

"Papa Gasto," Murhula akasema taratibu, "mimi sina shida na mulima. Lakini msemaji njo mudomo ya ukoo. Wewe umesema ulifika juu. Umesema pia kijana hanywi, anafanya kazi, anasali. Sasa hayo mengine nitajua je kama ni kilele ama ni wingu? Wazee banasema njia ya mwongo ni fupi."

"Na hii ilipungua kidogo tu," Pacifique akasema, akakatwa jicho na baba yake.

Gasto aliwatazama wote. Jibu alikuwa nalo, limekaa tayari mdomoni. Kosa la kiongozi. Walituambia ndiyo hapo. Hata cheti kinasema. Ni jibu zuri na lingekubalika. Lakini Davis alikuwa amekaa na kreti yake mapajani, hajapata hata pa kuiweka, jasho linamtoka kwenye suti mbaya, na yule mwenye sikio mlangoni alikuwa ameacha hata kuhema.

"Si wingu," Gasto akasema.

"Unasema?" Ephrasia akauliza.

"Si wingu. Na nilijua tangu siku ile." Akakaa chini. Alipokaa alionekana mdogo. "Kamba iliishia pale niliposimama. Mbele palikuwa na ukingo mwembamba kama mgongo wa mbuzi aliyekonda, huku shimo, huku shimo. Kiongozi wetu Mnepali akaninyooshea kidole, yaani twende? Daktari alikuwa amekaa kwenye theluji anaiimbia glavu yake wimbo wa siku ya kuzaliwa, ameipa na jina. Nami nilikuwa naogopa, shemeji. Magoti yalikuwa yanagongana mpaka misumari ya viatu inalia. Nikamwambia kiongozi, piga picha. Tukamvuta daktari na glavu yake tukashuka. Nusu ya njia nilishuka kwa makalio."

"Miaka yote hii," Ephrasia akasema, "mimi nafuta vumbi kilele cha mtu mwingine!"

"Nilipoiona picha imetoka, nikasema ni wingu. Mtu wa kwanza akakubali. Wa pili akakubali. Wa kumi nikakubali mwenyewe. Lakini kijana huyu hanywi, hilo si wingu. Mkimkatalia, mkatalieni kwa makosa yake. Anayo. Anakoroma. Mlima usiwe kosa lake."

Ndipo mama Pascasie akatoka jikoni na sinia la ugali mkubwa, wa moto, umepanda kama kichuguu, akautua mezani kwa kishindo.

"Mama, jibu bado," Murhula akasema.

"Bugali inapoa. Na wewe Murhula, nikuulize mbele ya wageni. Kila Noeli unaambia watoto uliogelea kutoka Bukavu mpaka kisiwa ya Idjwi, kule ndani ya ziwa. Ile ni kilomita ngapi, mwalimu wa hesabu?"

Pacifique akaweka simu chini. Kutoka chumbani kilisikika kicheko kilichobanwa na mto.

"Niliogelea," Murhula akasema.

"Uliogelea mpaka kwa pirogi, mutumbwi ya kaka yako, yenye ilikuwa imefungwa pale pale kwa mti. Nilikuwa naosha vyombo. Nilikuona."

"Maji ilikuwa mingi," Murhula akasema, kwa sauti ambayo wanafunzi wake wa Bukavu hawakuwahi kuisikia.

Gasto alijaribu kutocheka. Alimeza kicheko kikamtokea puani. Murhula akamtazama, midomo ikamcheza, kisha naye akaanza, mabega kwanza, halafu tumbo, mpaka miwani ikaanguka kutoka mfukoni. Walicheka mpaka Ephrasia akamwambia Davis aweke soda chini sasa, hakuna atakayezikataa.

"Onyesha," Murhula akasema hatimaye, akifuta macho. "Ulisimama wapi hasa?"

Gasto akanawa mikono, akavuta sinia. Kwa vidole vyake vya mpishi akauminya ugali, akautoa mbavu, akaupandisha bega, na mbele ya bega akanyanyua ncha ndogo nyembamba. Alikuwa anaujua ule mlima. Hata ukingo aliuchora kwa kucha.

"Hapa," akasema, akigusa bega. "Na hapo ndipo sikufika."

"Hatua ngapi?"

"Hamsini. Labda sitini."

Murhula akapima kwa macho. Akanyoosha mkono, akamega ncha ya Manaslu, akaichovya kwenye sombe, akala.

"Bon," akasema akitafuna. "Sasa hakuna mwenye atafika. Bonheur! Kuya!"

Bonheur akatoka na kitenge chake kipya, uso umemwiva kwa kicheko.

"Unajua hawa watu?" baba yake akamuuliza, kama desturi inavyotaka.

"Yes, Papa."

"Soda yao tuikunywe?"

"Papa, please, ikunywe. I'm starving."

Vigelegele vya mama Pascasie vilipanda mpaka jirani wa upande wa pili akagonga ukuta. Davis alisimama, akakaa, akasimama tena, suti ikampasukia kwapani, na hakuna aliyejali.

"Lakini kitu moja," Murhula akasema, kidole juu. "Siku ya harusi, msemaji asikuwe Papa Gasto. Akuwe mama."

Ephrasia alikubali kabla hajamaliza sentensi. Alisimama palepale, akajifunga kitenge vizuri, akaushukuru ukoo wa Murhula kwa sentensi nne, akakaa. Watu wakapiga makofi. Gasto naye akapiga, kwa moyo wote, na alipomaliza akamwinamia Davis akamnong'oneza kwamba hotuba ilikuwa nzuri, ila fupi mno.