Kadi ya Pacha wa Pili

Kanuni ile niliiandika mimi. Naanza hapo ili nisije nikajipamba njiani.

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu, katika chumba kimoja cha mtaa wa Cibitoke, nyuma ya duka la kushonea nguo. Mimi nimelelewa kanisani, kule Gasenyi. Yeye ni Mwislamu, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, mtoto wa fundi redio. Kwa miaka mitatu tulitengeneza simu za watu huku tukiandika programu ambazo hakuna aliyezinunua. Kisha tukapata mteja Ubelgiji, mama mmoja aliyesimamia zahanati tatu za watoto. Alitaka programu ya kutunza kadi za chanjo. Alitupa miezi mitatu ya majaribio. Tukifaulu, mkataba wa miaka mitano. Tukishindwa, tunarudi kwenye vioo vya simu vilivyopasuka.

Shida yake kubwa ilikuwa watoto walioandikwa mara mbili. Mzazi akija leo anaandika jina lote la mtoto, mwezi ujao anaandika nusu, na mtoto mmoja anageuka wawili. Nikasema hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Nikaandika hivi: jina la ukoo likifanana, tarehe ya kuzaliwa ikifanana, na simu ya mzazi ikifanana, basi huyo ni mtu mmoja, kadi ziunganishwe. Jina la kwanza nililipuuza, maana ndilo watu wanalolichezea.

Kwetu kanuni hiyo haina kasoro. Baba yangu ana jina lake, mama ana lake, mimi nina langu, na ndugu zangu kila mmoja ana lake. Hata mapacha, mkubwa na mdogo hupewa majina tofauti, na nchi nzima inayajua. Watoto wawili wa nyumba moja wenye jina moja la ukoo na siku moja ya kuzaliwa sikuwahi kuwaona, na kitu ambacho hujawahi kukiona hukiandikii kanuni.

Mwenzangu aliisoma, akakuna kidevu.

"Na sisi ba Buyenzi je?" akauliza. "Batoto yangu bote iko na jina yangu."

"We uko na mapacha?"

"Apana."

"Basi nyamaza, mzee."

Akacheka, na mimi nikacheka. Mchana ule ule tukaituma Ubelgiji.

Mwezi wa pili wa majaribio, mama mmoja wa huko alipeleka mapacha wake wa kike kuchanjwa. Wa kwanza akachomwa sindano. Muuguzi alipoitafuta kadi ya wa pili hakuiona. Programu ilikuwa imekwisha kuimeza ndani ya kadi ya dada yake, na iliandika kwamba mtoto amechanjwa tayari. Akawaruhusu waende. Mama alikuwa bado mlangoni, akakumbuka kwamba mmoja hakulia, akarudi nao. Mtoto akachanjwa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyedhurika. Hilo nimelirudia mara nyingi, na halijanisaidia.

Mteja alitupigia kesho yake, adhuhuri ikikaribia. Tuliketi mbele ya kompyuta moja, magoti yakigusana chini ya meza. Hakupaza sauti. Aliuliza kwa Kifaransa chake cha taratibu: nani aliandika kanuni hii?

Nilikuwa nikiangalia waya wa chaja, pale ulipofungwa kwa utepe mweusi. Sikuogopa. Sikupanga kudanganya. Nilijua jibu lilikuwa neno moja tu, na mdomo wangu ulikaa pale pale kama wa mtu aliyeng'olewa jino, ganzi haijaisha.

"Ni mimi, madamu," mwenzangu akasema.

Simu ilipokatika nilimuuliza kwa nini.

"Tulinyamaza sana, dada. Mutu moja alikuwa lazima aseme."

"Nitamwandikia kesho, nimwambie ukweli."

"Sawa," akasema, akaenda kuswali adhuhuri.

Kuisahihisha kanuni kulinichukua dakika chache. Kesho yake barua ya mteja ikatangulia yangu. Anaendelea na sisi, alisema, ila kwa sharti moja: aliyeandika kanuni ile asiiguse tena programu yake. Niliisoma mara mbili, nikamsogezea kompyuta aisome mwenyewe. Alisoma polepole. Nilingoja anitazame, hakunitazama. Akaanza kukusanya bisibisi zake.

Ningeweza kuandika hata wakati ule. Mistari mitatu ingetosha. Nilisema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine, mpaka majaribio yakaisha na mkataba nikautia sahihi peke yangu. Mwenzangu alirudi kutengeneza simu kwenye kibanda cha baba yake. Mimi nilihamia ofisi yenye dirisha, mtaa wa matajiri wa Kigobe. Watu walinipongeza. Nilikuwa nikiwasikia vizuri, ila furaha yenyewe haikuja, na huzuni pia haikuja.

Sikukuu ya Idi alinialika kwao Buyenzi, kama miaka yote. Mke wake alinipakulia, kisha akaketi karibu yangu na kushusha sauti.

"Dada, mi nilitaka kukuambia asante."

"Asante ya nini?"

"Bwana alinielezea yote. Kosa yake ingekuangusha na we. Mutu mwingine angemutukana mbele ya batu. We ulimuacha aende na heshima yake. Mi nakuombea kila siku."

Mwenzangu alikuwa akimmenyea mwanawe ndizi. Alisikia kila neno, hakuinua kichwa. Basi hata nyumbani kwake alikuwa amesema ni yeye. Hapo niliona aibu, ya kweli, ikanipanda mpaka masikioni, na nikajua kwamba ganzi ilikuwa imeisha.

"Si kitu, mama," nikasema.

Akaniongezea pilau, nami nikala mpaka sahani ikaisha.