Shemeji yangu alivyopanga uvamizi wa shoka na rungu, mimi nikisikiliza mlangoni

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yalinikuta mwenyewe nyumbani kwangu, Louisville, baridi ya 2015. Sitaongeza chumvi, yenyewe yanatosha.

Shemeji yangu Bahati, mdogo wa mke wangu, alihama Buffalo akisema theluji imemshinda. Tukampa chumba. Mtu mzima, mpole, anafanya second shift warehouse, mchana hadi usiku, Jumapili anapiga gitaa kanisani.

Shida ilikuwa asubuhi.

Mimi nilikuwa night shift kiwandani. Nikirudi namkuta anaongea chumbani, mlango umefungwa. Siku moja nikasikia:

"Bon, miye nachukua shoka. Weye kaa na rungu. Upanga hautasaidia, hawa wamevaa vyuma."

Nikaganda koridoni na lunch box yangu.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Kivu ya Kusini. Kwetu ukisikia maneno hayo matatu kwa pamoja huulizi maswali. Unabeba watoto, unakimbia.

Nikaanza kumchunguza. Akienda kazini naangalia chini ya kitanda. Hakuna kitu. Siku moja akiwa amelala, nikafungua hata trunk ya gari lake: tairi la spea na jaketi zito.

Moyo haukutulia. Mwenye akili haweki silaha kwa dada yake.

Halafu kulikuwa na huyu Fikiri wa Reynoldsburg, kule Columbus, anampigia simu kila mara. Mke wangu akaniambia walikulia wote kambi ya wakimbizi. Hapo ndipo nilizidi kuogopa. Nikajua ni kisasi cha zamani, wanamwinda mtu huku huku Marekani.

"Mama Neema," nikamwambia, "ndugu yako atafute apartment. Nina watoto humu."

"Umfukuze mdogo wangu kwa maneno ya mlangoni? Muulize kwanza!"

Sikumuuliza. Kesho yake nikasikia: "Donc, tuingie polepole. Yule mlinzi mpige rungu ya kichwa."

Nikasukuma mlango.

Bahati amekaa mbele ya TV, controller mkononi. Kwenye screen kuna ngome ya mawe na majitu yenye pembe.

"Mnamvamia nani?" nikauliza.

Akacheka. Alipoona uso wangu, kicheko kikakatika. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, analia.

"Shemeji, ni game! Huyu ni Fikiri tu, tunacheza naye online."

Akaanza kunieleza haraka haraka. Upanga una kasi, ila kwenye deraya, yale mavazi ya chuma, unateleza. Shoka linapasua ngao, lakini ukikosa, unauawa kabla hujaliinua tena. Rungu ni zito, linavunja mifupa ndani ya chuma.

Sauti ya Fikiri ikadakia kutoka kwenye TV: "Shikamoo kaka! Umwambie huyo ashike upanga. Tumeokota mzuri kuliko zote, anaukataa!"

Wakuu, shaka ikarudi. "Kwa nini unaukataa?"

Bahati akasema chini chini, "Umepinda, shemeji. Unafanana na panga za kule kwetu. Niliushika mara moja, nikazima TV, nikatoka nje kwenye baridi bila viatu."

Fikiri naye akasema polepole, "Basi, shika shoka lako."

Nikakaa kitandani kwake.

Niliyojifunza: ukimshuku mtu wa nyumbani kwako, gonga mlango mapema. Pengine mnaogopa kitu kimoja, kila mtu upande wake wa ukuta.

Hukumu aliitoa mke wangu: wacheze, ila silaha zitajwe kwa Kiingereza. Siku hizi nikipita koridoni nasikia sword, axe, mace. Bado napunguza mwendo, siwezi kuwadanganya. Lakini kwa Kiingereza, maneno hayo hayajamuua mtu yeyote tunayemjua.

Wenye mashemeji ndani, na nyie wacheza game, uwanja ni wenu. Mngekuwa mimi, mngefanyaje?