Uvungu wa Gari la Florian

Kwa miaka thelathini na moja Florian Kuzara alilipwa na mji wa Erie amwage chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na miaka hiyo yote akirudi nyumbani kazi yake ilikuwa kuifukuza chumvi ile ile isile chuma cha gari lake. Alfajiri yuko juu ya lori la kukwangua theluji, akinyunyiza kutoka ziwani hadi mtaa wa kanisa la Wapolandi. Akitoka zamu, mtu mwingine angelala. Yeye alitazama kipimajoto dirishani, na kama barafu ya paa imeanza kudondosha matone, alivuta mpira wa maji.

Mashine ya maana ya kuoshea gari hakuwa nayo. Alichukua kile kinyunyizio cha kumwagilia nyasi wakati wa kiangazi, akakisukuma chini ya gari kwa mpini wa ufagio, akafungulia bomba. Maji yaliruka uvunguni huku na huku, yakashuka ya kijivu, kisha yakatakata polepole. Florian alisimama na kahawa yake akisikiliza. Kwa sauti tu alijua maji yanapopiga tangi la mafuta na yanapopiga chesisi, ile mifupa ya chuma inayobeba gari zima. Usimcheke, kila mtu ana muziki wake.

"Flo, leo nyasi zimeota chini ya gari?" jirani yake Dwight Pruitt humuuliza kila mwaka, kana kwamba utani wenyewe umezaliwa asubuhi hiyo.

"Cheka tu. Lako likikatika vipande viwili njiani, usinipigie simu."

"Langu halijaoga tangu nilinunue, bwana, na linadunda!"

Kweli, la Pruitt lililala nje kipupwe chote, limefunikwa theluji mpaka madirishani, na Florian alilionea huruma kama mtu anavyomhurumia mbwa wa watu.

La kwake lilikuwa refu, la bluu, la kubeba familia. Walilinunua miaka ishirini na miwili iliyopita, mkewe Adela alipopata kazi ya kufua mashuka hospitalini. Adela alijifunza kuliendesha akiwa na miaka arobaini, katika uwanja wa kanisa, akilia na kumtukana Florian, mwalimu wake, kwa Kipolandi cha bibi yake. Siku hizo halikukaa tupu. Kila Agosti liliwapeleka kwa dada yake Adela, sufuria ya nyama iliyoviringishwa kwenye kabichi ikiwa mapajani, mchuzi ukimwagika kila kona. Binti yao Tereza alitapika kwenye kiti cha nyuma, na miaka mingi baadaye akavishwa pete ya uchumba kwenye kiti hicho hicho. Siku hizi, mara nyingine, Florian aliingia humo peke yake, bila safari yoyote, akakaa tu. Aliyakumbuka yote hayo, na yalimuuma kwa utamu.

Mwaka jana, kwenye ukaguzi wa magari wa kila Machi, fundi Regis Hanlon aligonga chesisi kwa nyundo, akaguna. "Mwaka huu nalipitisha, mzee. Mwakani sikuahidi. Nikikuta tundu, sheria hainiruhusu."

Basi kipupwe hiki Florian aliosha kama mwenye wazimu. Mara tisa! Mara ya tano maji yaligandia mlangoni, Adela akateleza nusura avunje nyonga.

"Wewe mwanamume, unaosha gari au unanichimbia kaburi?"

"Likifeli Machi linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ndivyo unavyotaka?"

Adela hakutaka. Alichukua koleo, akaanza kuvunja barafu mwenyewe.

Kila baada ya kuliosha, Florian aliliingiza bandani, akafunga mlango na kuacha hita, ile mashine ya joto aliyoiweka humo zamani, ikiwaka ili likauke vizuri.

Machi ilipofika walikwenda wote wawili. Regis alilinyanyua juu, akachagua mahali, akasukuma bisibisi. Ikazama mpaka kwenye mpini. Vipande vya kutu vilianguka sakafuni.

"Nimeliosha mara tisa," alisema.

"Naona, mzee. Kwa nje limetakata. Linalala wapi?"

"Bandani. Kuna hita."

Regis aliweka bisibisi chini taratibu. "Hapo ndipo penyewe. Chumvi iliyoingia ndani ya chesisi, maji yako hayaifikii yote. Kwenye baridi kali inatulia, haili chuma sana. Wewe unailowesha, halafu unaipasha joto usiku kucha. Unaipa nguvu ya kula."

Florian alikumbuka kwamba la Pruitt lilipita ukaguzi wiki iliyotangulia, bila kuoga wala kulala ndani. Alitamani kulia.

"Ile hita uliniwekea mimi," Adela alisema nyuma yake.

"Niliweka kwa ajili ya injini."

"Mwongo mkubwa! Mwaka ule nilipoanza kazi mikono yangu ilipasuliwa na sabuni za hospitali. Nikishika sukani ya baridi saa kumi na moja alfajiri, inatoka damu. Jumatatu ukaleta hita, ukasema injini, injini. Na mimi nikanyamaza, nikaendesha. Kwa hiyo gari lako nimelimaliza mimi."

Mafundi wawili waliokuwa karibu walikumbuka ghafla kwamba wana kazi upande wa pili.

"Sikiliza, Adela," Florian alisema, bila kumtazama, maana akimtazama asingeweza. "Hata kama Regis angeniambia haya mwaka ule ule, ningeiwasha."

Adela aliingiza mkono wake kwenye mfuko wa koti la mumewe, mahali mkono wa Florian ulipokuwa, wakasimama wakilitazama gari lao huko juu. Regis alikohoa, akauliza kama anaweza kuliteremsha.

"Ngoja kidogo," Adela akasema.